Kokatieli akitaga ndani ya nyumba, usikimbilie kuyaondoa mayai

Katika fleti nyingi hapa Uingereza mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mbwa wala paka, na watoto nao hawaachi kulilia mnyama wa kufuga. Ndipo wazazi wengi huishia kununua kokatieli, yule kasuku mdogo wa kijivu mwenye kishungi kichwani na doa la rangi ya machungwa katika kila shavu. Anazoea watu upesi na huweza kuishi miaka 15 au zaidi. Kisha asubuhi moja, baada ya mwaka mzima wa kuitwa Juma, ndege anataga yai.

Swali la kwanza huwa: ametaga vipi na yumo peke yake? Jibu analijua kila aliyewahi kufuga kuku wa mayai. Jike hahitaji dume ili atage. Dume anahitajika ili yai liwe na kinda ndani yake, basi.

Lakini kuku huyo huyo ndiye anayetupoteza. Vijijini kwetu mama akiokota mayai humwachia kuku moja kiotani, naye kuku huendelea kutaga kwa kuwa hajaona idadi inayomtosha kuatamia. Kokatieli naye ana tabia hiyo hiyo. Akiachiwa mayai yake, kwa kawaida hutaga manne hadi saba, moja kila baada ya siku mbili hivi, kisha huacha na kuyakalia. Ukiyaondoa, huyafidia. Jamaa mmoja hapa mjini alikuwa akitupa kila yai analoliona, kwa nia njema kabisa ya kuweka tundu safi. Ndege wake alitaga zaidi ya mayai 20 katika miezi michache, akafa yai likiwa limemkwama.

Hesabu yake si ngumu. Kokatieli ana uzito wa gramu 80 hadi 100, na yai lake gramu tano au sita. Mayai sita ni kama theluthi ya mwili wake, yametoka katika muda usiozidi wiki mbili. Ganda hutengenezwa kwa madini ya chokaa, na chakula kisipotosha madini hayo huchotwa katika mifupa yake mwenyewe. Yakipungua, ganda huwa laini, misuli hukosa nguvu ya kusukuma, na yai hukwama njiani.

Kwa nini atage mfululizo hivyo? Kwao ni Australia, bara kavu. Huko hungoja mvua inyeshe na mbegu za majani zizidi, ndipo hutafuta tundu katika mkalitusi ulio karibu na maji. Dume huatamia mchana na jike usiku, na makinda huanguliwa baada ya wiki tatu hivi. Sasa tazama sebule zetu: taa zinawaka mpaka saa sita za usiku, bakuli la mbegu halipungui, joto la nyumba ni lile lile Januari na Julai, na nyuma ya kochi kuna pembe yenye giza. Kwa ndege huyu mvua imenyesha mwaka mzima! Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, akiwamo James Millam, walichapisha utafiti juu ya jambo hili hili, jinsi mazingira na sanduku la kiota vinavyoamsha uzazi wa kokatieli wanaofugwa.

Kwa hiyo mayai yaache alipoyataga, au weka ya bandia mahali pake, ayakalie mpaka ayachoke mwenyewe, aghalabu baada ya wiki tatu. Hapo ndipo uyaondoe. Funika tundu mapema ili apate giza la saa 12 hadi 14. Ondoa sanduku, kioo na kila kitu kinachofanana na kiota, na waambie watoto wampapase kichwani tu, kwani kumpapasa mgongoni humwambia kwamba amepata mwenzi.

Chakula nacho kibadilike. Uwele na alizeti peke yake havina chokaa ya kutosha. Mtundikie mfupa wa ngisi auparuze, mpe sukuma wiki iliyokatwakatwa. Mchicha usiutegemee, kwani una asidi inayoizuia chokaa isifyonzwe mwilini. Na jua la nyuma ya kioo cha dirisha halimsaidii kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo chokaa hainufaishi kitu.

Ukimkuta amekaa chini ya tundu, amejivimbisha manyoya, anajikamua na mkia unapanda na kushuka, hiyo ni dharura ya siku ile ile. Mweke mahali penye joto na umpeleke kwa daktari wa wanyama. Usimminye tumbo, maana yai likipasukia ndani linaweza kumuua, na habari za kumtia mafuta nyuma achana nazo. Yupo daktari anayeweza kulitoa yai, na kwa anayetaga bila kikomo iko sindano ya homoni ya kumpumzisha. Matibabu hayo si ya bure kama yetu sisi binadamu, na madaktari wengi wamezoea mbwa na paka tu. Piga simu mapema uulize nani karibu nawe anatibu ndege, yai la kwanza likiwa bado halijaonekana.