Kumwajiri mhandisi aliye mbali: ufunguo mkuu ubaki kwa nani?

Kampuni ya usafirishaji yenye ofisi Dar es Salaam, Tunduma na Lubumbashi inaweza kuweka barua pepe, ankara na nakala za hati za forodha katika huduma za wingu, yaani kwenye mitambo ya kampuni kama Microsoft au Google, na kuzifungua kwa intaneti popote. Mhandisi wa kuuweka na kuulinda mfumo huo si lazima awe ofisini. Anaweza kuwa Nairobi au Kigali na kazi yote akaifanyia huko huko.

Hatari iko hapo. Akipewa akaunti ya msimamizi mkuu, anaweza kubadilisha maneno ya siri ya wafanyakazi wote na hata kumfungia nje mwenye kampuni. Ukizuka ugomvi wa malipo, malori yatakuwa mpakani na hati zake hazifunguki.

Kwa hiyo akaunti kuu ishikwe na mwenye kampuni. Microsoft yenyewe inashauri wasimamizi wakuu wawe chini ya watano, na ziwepo akaunti mbili za dharura zisizotumika kila siku. Mhandisi afunguliwe akaunti yake, yenye mamlaka ya kazi aliyopewa tu, na ifungwe kazi inapokwisha. Jina la intaneti la kampuni, lile linaloishia .co.tz au .co.ke, lisajiliwe kwa kampuni na si kwa fundi. Hili husahaulika, nalo ndilo huumiza zaidi, kwani anayelimiliki jina ndiye anayeamua barua pepe ziende wapi.

Kabla ya mkataba aulizwe: atamzuiaje tapeli anayejifanya wakala wa forodha na kutuma ankara yenye akaunti mpya ya benki? Jibu zuri litataja uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mfanyakazi, pamoja na SPF, DKIM na DMARC, zinazosaidia kubaini barua zilizoghushiwa jina. Anayeahidi programu moja ya kumaliza yote aachwe. Na bado akaunti ya benki ikibadilika, wakala apigiwe simu kwa namba yake ya zamani.

Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Taarifa za madereva na wateja zikivuja, kampuni haikwepi lawama kwa kusema mhandisi yuko nchi nyingine. Mkataba utaje ataona nini na kwa muda gani. Malipo ya mwisho yasubiri hadi mwenye kampuni aingie mwenyewe kwenye mfumo na kukabidhiwa maelezo yote kwa maandishi.