Picha ya Familia Ufukweni: Nuru, Maji na Sitara

Wiki moja baada ya Idd el Fitri iliyopita, kamati ya msikiti wetu hapa Mtwara ilikaa kikao chake cha kawaida baada ya swala ya Ishaa. Ajenda ya nne, ambayo sisi tunaoshika kalamu ya muhtasari tulitarajia imalizike kwa dakika tano, ilituweka hadi saa tano usiku. Ilihusu picha.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku ya pili ya Idd familia kadhaa za jamaa zetu zilikodi gari kwenda ufukwe wa Msimbati, na mpiga picha mmoja akafuatana nazo kwa malipo. Picha zilitoka nzuri, hilo halikubishaniwa. Siku chache baadaye, mama mmoja katika msafara ule alipigiwa simu na dada yake aliyeko Masasi, akaulizwa tangu lini amekuwa mtangaza biashara. Picha yake akicheka, mtandio ukiwa umesukumwa na upepo hadi mabegani, ilikuwa imewekwa katika tangazo la mpiga picha yule, nayo ikawa inapita kutoka simu hadi simu. Mama alilia. Mumewe alikuja kwa kamati na swali moja: ni nani aliyetoa ruhusa?

Wajumbe wengi walitaka tuandike azimio kwamba safari yoyote inayotangazwa msikitini isiwe na kamera. Tulielewa uchungu wao, lakini hatukuafiki hukumu hiyo, na makala haya ni maelezo ya kwa nini.

Kwanza tuseme la fikihi, maana ndilo linaloulizwa mwanzo. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu picha ya kamera tangu chombo hicho kilipoenea katika miji ya Waislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala akiijuzisha. Hoja yake ni kwamba kamera haiumbi sura, bali huzuia kivuli cha kile ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Wako waliokataa hoja hiyo, wakaruhusu picha kwa dharura tu, kama vile hati na vitambulisho. Msomaji anayefuata kauli hii ya pili tunamheshimu, na hatumvuti. Tunasema na yule ambaye tayari ana simu mkononi na albamu kabatini, nao ndio wengi wetu.

Watu wa pwani hatukuanza jana kupigwa picha. Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya kumi na tisa. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza mwenyewe na kusifika kwa kuunganisha picha mbalimbali kuwa moja. Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, wapiga picha walisimamisha vibanda vyao na kutundika nyuma ya mteja mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu, ilhali bahari ya kweli na kivuko cha kweli vilikuwa hatua chache kutoka hapo. Zamani tulicheka jambo hilo. Siku hizi hatucheki sana. Studio ilikuwa na ukuta na mlango. Mwanamke aliingia amejisitiri, akapigwa picha aliyoitaka, akatoka amejisitiri, na aliyeona alikuwa fundi peke yake. Tulipotoka nje kupiga picha katika mandhari ya Mola wetu, tulipata nuru na upepo, lakini ule ukuta tuliuacha mjini.

Basi swali letu si kama familia itoke nje. Itoke, na hasa huku kwetu. Anayekaa Mtwara ana Mikindani yenye nyumba za mawe na milango ya nakshi. Ana Msangamkuu ng'ambo ya bandari. Akishuka kusini anaikuta Ghuba ya Mnazi, na mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma mpakani na Msumbiji. Sehemu hiyo ni Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 2000, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650. Akipenda nchi ya juu, apande Newala atazame bonde la Ruvuma kutoka ukingo wa uwanda wa Makonde. Hakuna pazia la studio linaloshindana na hayo.

Kuhusu nuru, Mwislamu ana faida ambayo wengi hawaijui: nyakati za swala ni kipimo cha mwanga. Adhuhuri huingia jua linapopinduka kutoka katikati ya mbingu. Kwetu tulio karibu na nyuzi kumi kusini mwa Ikweta, jua hupita juu kabisa ya utosi katikati ya Oktoba na tena katika theluthi ya mwisho ya Februari. Anayepigwa picha saa hiyo macho yake huwa mashimo meusi, na pua humwagia mdomo kivuli. Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapofikia urefu wa kitu chenyewe, ukiacha kile kivuli cha adhuhuri. Hapo jua limelala kiasi cha kuingia chini ya kope na kuonyesha uso. Kwa hiyo swalini Alasiri kwanza, kisha toeni kamera. Nuru bora kuliko zote ni ya baada ya Alfajiri, jua linapochomoza baharini, na ya mwisho kabla ya Magharibi. Hiyo ya mwisho ni fupi mno huku kwetu, na haifai kuipoteza Magharibi yenyewe kwa kuifukuzia.

Kuna tatizo jingine la nyumba zetu ambalo vitabu vya wageni havilitaji. Baba amevaa kanzu nyeupe, mama baibui jeusi, na mchanga wa Msimbati ni mweupe. Simu hujaribu kuwaridhisha wote, ikashindwa: ama kanzu inaungua kwa weupe, ama uso wa mama unazama gizani. Dawa ni kuwaingiza wote kwenye kivuli cha mivinje au minazi, wakitazama upande wenye mwanga, kisha mpigaji aguse uso kwenye kioo cha simu kabla ya kubonyeza. Ule mchanga mweupe ulio juani mbele yao utarudisha nuru nyusoni kwa upole.

Upepo nao una hukumu zake. Kusi ikivuma, mwanamke akiupa upepo kifua, nguo humganda mwilini. Akiupa mgongo, mtandio humrukia usoni. Asimame ubavu, au afichwe na mti. Picha iliyotuletea kesi ilipigwa mahali peupe, pasipo mti wala ukuta, na mpigaji hakungoja mama ashike mtandio wake.

Linalotutia hofu kuliko yote, hata hivyo, ni maji. Idd el Fitri ni siku ya kwanza ya Shawwali, mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama, na mwezi mwandamo ni bamvua. Hivyo kila Idd el Fitri, mwaka wowote ule, bahari yetu hupwa mbali sana asubuhi na kurudi kwa nguvu mchana, tofauti ya kupwa na kujaa ikizidi mita tatu. Wakati familia zinatoka kwenye swala ya Idd na kifungua kinywa, ndipo mafungu ya mchanga yanapokuwa wazi, yanang'aa, yanaita. Mwaka mmoja tulishuhudia baba akiwasogeza wanawe hatua baada ya hatua kwenye fungu ili apate bahari pande zote za picha. Alipata alichotaka. Maji hayakumjia kwa mbele alikotazama, yalipita kwenye mkondo nyuma yake, na watoto wawili wadogo walivushwa mabegani mwa wavuvi. Idd el Hajj huangukia mwezi kumi, karibu na maji mafu, bahari isipokwenda mbali wala kupanda sana. Wenye watoto wadogo, safari ya ufukweni iwekeni Idd hiyo. Na kwa vyovyote muulizeni mvuvi kabla ya kukanyaga fungu.

Tunarudi kwenye kikao. Hoja iliyobadilisha mwelekeo haikutoka kwetu. Mjumbe mmoja, ambaye hupenda kunyamaza, alitusimulia habari za shangazi yake, aliyefariki kabla ya Ramadhani. Mwana wa marehemu, anayefanya kazi Muscat, aliomba atumiwe picha ya mama yake. Wakatafuta nyumba nzima. Ilipatikana ile ya kitambulisho cha mpiga kura, uso mkavu, macho yametishwa na taa. Mwana alisema huyo si mama. Kisha binti mmoja akakumbuka kwamba mwaka juzi alipiga picha ya jua likichomoza huko Msimbati. Ndani yake yuko yule bibi, amepewa mgongo, khanga mbili, ndoo mkononi na mchokoo begani, anafuata maji yanayopwa kwenda kuchokoa pweza, kama alivyofanya tangu usichana wake. Uso hauonekani hata kidogo. Mwana alipoipokea alinyamaza muda mrefu kwenye simu, akauliza kama ndoo ile bado ipo.

Baada ya hapo hapakuwa na aliyetaka kupiga kura ya kuzuia kamera. Tulichoandika ni masharti. Mpiga picha atakayefuatana na msafara wetu atatia saini, kabla ya kupanda gari, kwamba picha zote ni za familia husika, kwamba hataweka hata moja kwenye stetasi wala tangazo bila idhini ya kila aliyemo, na kwamba atazifuta kwake baada ya kuzikabidhi. Wanawake watapigwa na mwanamke, na tunaye binti mmoja wa madrasa yetu mwenye mkono mzuri. Atakayekataa kupigwa hataulizwa sababu, wala mumewe hatamjibia. Tuliwakumbusha wajumbe pia kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume inayopokea malalamiko chini yake, hivyo mwenye kudhulumiwa hana haja ya kuishia kwa katibu wa msikiti.

Mjumbe mmoja aliona masharti haya ni mazito kwa jambo la furaha. Tulimjibu kwamba hata nikaha ni furaha, nayo ina mashahidi.

Mpiga picha yule aliitwa. Aliondoa tangazo, akamwomba radhi yule mama mbele ya mumewe, ingawa nakala zilizokwisha kusambaa hakuweza kuzirudisha, na hakuna awezaye. Mama alipokea radhi. Hatukumtarajia kwenye safari ya Idd el Hajj, lakini juzi, tulipoanza kuandikisha majina, alimtuma mwanawe kuuliza mambo mawili: kama gari bado lina nafasi ya watu watano, na kama yule binti wa madrasa naye anakwenda.