Madokezo ya Michoro katika Ufundishaji wa Sayansi Sekondari: Ziwa Kivu kama Kielelezo kwa Madarasa ya Nkanka, Rusizi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua matumizi ya madokezo ya michoro katika kufundisha sayansi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi wa tatu wa sekondari, kwa kuzingatia mazingira ya sekta ya Nkanka, wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda. Yanapitia msingi wa kinadharia wa mbinu hiyo, yanatoa vielelezo viwili kutoka Ziwa Kivu, kisha yanabainisha mipaka yake. Hoja kuu ni kwamba thamani ya madokezo hayo haimo katika uzuri wa mchoro, bali katika kumwezesha mwanafunzi kuifikia dhana kabla ya kuieleza kwa lugha ya kufundishia. Yasipounganishwa na uandishi, humwacha mwanafunzi bila msaada mbele ya mtihani.

Utangulizi

Nkanka ipo kandokando ya Ziwa Kivu, si mbali na mji wa Kamembe na mpaka wa Kongo. Katika eneo hili Kinyarwanda ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili husikika katika biashara ya mpakani na Bukavu, na fizikia, kemia na biolojia hufundishwa kwa Kiingereza. Hali hiyo imetokana na maamuzi ya kisera yaliyofuatana. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwaka 2016 mtaala unaozingatia umilisi ulianza kutekelezwa, nao ulitaka mwanafunzi atende na kueleza badala ya kukariri. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nne ya nchi.

Maamuzi hayo yanakutana ndani ya daftari la mwanafunzi. Mtaala unamtaka afikiri, lakini lugha anayotakiwa kufikiria kwayo bado anajifunza. Njia rahisi ya kuukwepa ugumu huo ni mwalimu kuandika maelezo ubaoni na wanafunzi kuyanakili. Daftari hujaa, lakini halionyeshi nani ameelewa na nani hakuelewa.

Dhana na msingi wake

Madokezo ya michoro ni madokezo ambayo mwalimu huyatayarishia kiunzi: umbo kuu la mchoro, nafasi zilizoachwa wazi, na maneno machache ya msingi. Mwanafunzi hukamilisha umbo, huweka majina ya sehemu, huongeza mishale na vielelezo vyake mwenyewe, na huandika maelezo mafupi kando ya mchoro. Hapa ndipo yanapotofautiana na mchoro wa kitabuni, ambao hunakiliwa ukiwa umekamilika.

Msingi wake hutafutwa katika nadharia ya usimbaji maradufu ya Allan Paivio (1971), inayoeleza kwamba akili huhifadhi taarifa kwa njia mbili zinazohusiana, ya maneno na ya taswira. Jambo lililohifadhiwa kwa njia zote mbili hukumbukwa kwa urahisi zaidi. Wammes, Meade na Fernandes (2016) walionyesha kwamba watu waliochora maana ya maneno waliyakumbuka kuliko waliyoyaandika tu. Ainsworth, Prain na Tytler (2011) walitetea uchoraji kama sehemu ya kufikiri kisayansi, sawa na kusoma na kuandika.

Tahadhari inahitajika katika kutumia ushahidi huu. Utafiti wa Jackie Andrade (2009), unaotajwa mara kwa mara na watetezi wa mbinu hii, ulihusu watu 40 waliosikiliza ujumbe wa simu wenye kuchosha. Waliotia kivuli katika maumbo huku wakisikiliza walikumbuka taarifa kwa asilimia 29 zaidi ya wenzao. Hata hivyo, maumbo hayo hayakuhusiana na ujumbe. Utafiti huo unahusu umakini wa msikilizaji, hauthibitishi kwamba kuchora dhana ya sayansi huleta uelewa wa dhana hiyo. Aidha, hakuna kati ya kazi hizi iliyochunguza wanafunzi wa Rwanda wanaojifunza sayansi kwa Kiingereza huku lugha yao ya nyumbani ikiwa Kinyarwanda. Matokeo yake yanatoa sababu ya kuijaribu mbinu, hayatoshi kuwa sababu ya kuilazimisha.

Kielelezo cha kwanza: gesi ndani ya ziwa

Ziwa Kivu lina kina cha takriban mita 485, na maji yake ya chini yana kiasi kikubwa cha kabonidayoksaidi na methani zilizoyeyuka. Mtambo wa KivuWatt huko Karongi hutumia methani hiyo kuzalisha umeme wa megawati 26. Kwa somo la kanieneo katika vimiminika, mwalimu huchora ubaoni mkato wima wa ziwa bila majina. Wanafunzi huweka kipimo cha kina na kukokotoa: kila mita 10 za maji huongeza takriban kanieneo moja ya hewa, hivyo maji ya sakafu ya ziwa hubeba karibu mara 48. Kisha huulizwa wachore gesi mahali ilipo.

Hatua hii ina faida ya uchunguzi. Mwanafunzi anayejaza viputo sakafuni mwa ziwa anaonyesha kwamba hajatofautisha gesi iliyoyeyuka na gesi iliyo huru, ingawa huenda amenakili bila kosa sentensi isemayo kwamba gesi imeyeyuka. Mwalimu huligundua kosa kwa kulitazama daftari. Hapo hurejea kwenye chupa ya soda: viputo huonekana kizibo kinapofunguliwa, yaani kanieneo inapopungua. Bomba la mtambo hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, kwa kuyapandisha maji ya chini hadi gesi ijitenge.

Dhana hiyo inagusa usalama wa watu. Mwaka 1986 kabonidayoksaidi iliyotoka ghafla katika Ziwa Nyos, Kameruni, iliua watu wapatao 1,700. Jamii iishiyo kando ya ziwa lenye gesi ina haki ya kuelewa jambo hilo kwa usahihi, bila hofu ya uvumi na bila kulipuuza.

Kielelezo cha pili: mishale ya mnyororo wa chakula

Isambaza, ambao upande wa Bukavu huitwa sambaza, waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hula viumbe wadogo waeleao majini, ambao nao hula mimea midogo sana ya majini. Mwanafunzi anapochora mnyororo huu, mara nyingi huelekeza mshale kutoka kwa mlaji kwenda kwa mliwa, kwa kuwa anafikiria tendo la kula. Katika biolojia mshale huonyesha nishati inakoelekea. Kwa hiyo kanuni za mchoro zinapaswa kufundishwa waziwazi kama zinavyofundishwa kanuni za sarufi. Mshale usiofafanuliwa huficha maana kama neno lisiloeleweka.

Lugha na mipaka ya mbinu

Swali la lugha ya majina ya sehemu haliepukiki. Pendekezo linalofaa ni mpangilio wa hatua tatu: majadiliano na uchoraji kwa lugha ambayo wanafunzi wanaimudu, uwekaji wa istilahi za Kiingereza, zikisindikizwa na za Kinyarwanda au Kiswahili pale zilipo, kisha sentensi tatu au nne za Kiingereza zinazoeleza mchoro. Hatua ya tatu ikiachwa, mbinu inakuwa burudani, kwa sababu mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka wa tatu hudai maelezo ya maandishi.

Mipaka mingine ni mitatu. Rangi na mapambo mengi huondoa macho kwenye jambo la msingi. Penseli na kalamu moja zinatosha. Kiunzi chenye mistari mingi hula muda wa kipindi katika darasa kubwa lisilo na mashine ya kurudufu. Mwanafunzi asiyeona vizuri anahitaji kielelezo cha kugusa, kwa mfano uzi uliogandishwa juu ya karatasi.

Hitimisho na mapendekezo

Kwa washauri wa sera, jambo la kwanza si kununua vifaa bali ni kuwaandaa walimu kutengeneza viunzi vyepesi na kusoma makosa yaliyomo katika michoro. La pili ni mitihani kuwa na maswali yanayomtaka mtahiniwa achore na kueleza. Kwa watafiti, kinachohitajika ni kulinganisha makundi matatu, yaani wanaonakili maandishi, wanaonakili mchoro uliokamilika, na wanaokamilisha kiunzi, kisha kuwapima mara baada ya somo na tena baada ya majuma kadhaa, alama za dhana zikitenganishwa na alama za lugha. Bila utengano huo, mwanafunzi anayeijua sayansi na kukosa Kiingereza ataendelea kuhesabiwa kuwa hajui sayansi.