Mtoto Mwerevu wa Waamishi na Mlango wa Darasa la Nane

Waamishi wa Marekani wanajulikana sana kwa vigari vyao vya farasi, kofia za ukindu na nyumba zisizovutiwa umeme wa nguzo. Lakini jambo zito zaidi katika maisha yao halipigiki picha: mtoto wa Kiamishi humaliza shule akiwa na miaka 14 hivi, mwisho wa darasa la nane, kisha huingia shambani, jikoni au karakana. Kwa watoto wengi utaratibu huu haudhuru kitu; hupata kazi, mwenzi wa ndoa na majirani wa kuwafaa siku ya shida. Ila mara kwa mara huzaliwa mtoto wa pekee, ambaye huduma ya shule hiyo humwishia mapema kuliko wenzake, na mwendo mfupi tu kutoka kwao upo mji mdogo wenye maktaba, sekondari na maabara. Nasema mtoto huyo anastahili njia ya kuendelea na masomo bila kulazimika kwanza kuwaacha watu wake, na sababu ya kusema hivyo naitoa katika imani ya Waamishi wenyewe.

Imani hiyo ilichipuka Zurich mwaka 1525, pale kikundi cha Wakristo kilipokataa ubatizo wa watoto wachanga. Walishikilia kwamba ubatizo ni ahadi, na ahadi hutolewa na mtu anayejua anachoahidi. Wengi waliuawa kwa msimamo huo, baadhi kwa kuzamishwa majini. Katika mti huo walitokea Wamennonite, ambao wasomaji wa Tanzania wanawafahamu kwa misheni iliyofika Shirati, katika mkoa wa leo wa Mara, mwaka 1934. Waamishi nao walijitenga mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann, aliyetaka nidhamu kali zaidi, na leo ni watu 400,000 hivi Amerika Kaskazini. Mpaka sasa kijana wao hubatizwa akiwa na miaka kati ya 18 na 22 hivi. Asipobatizwa hatengwi, anayetengwa ni aliyeahidi kisha akavunja ahadi. Basi tuihesabu miaka. Kanisa linasema uamuzi ni wa mtu mzima, na zaidi ya asilimia 80 ya vijana huamua kubaki. Lakini mlango wa masomo ulikwisha kufungwa miaka minne au zaidi kabla ya uamuzi huo. Mwenye kipaji cha hesabu anapoulizwa kama anataka kubaki, njia nyingine imeshamea majani.

Si kwamba Waamishi wanaichukia shule. Shule zao za chumba kimoja ni mahali pa upendo: madarasa manane yamo humohumo, mwalimu kwa kawaida ni msichana ambaye hajaolewa na ambaye naye aliishia darasa la nane, Kiingereza hufundishwa kwa watoto wanaozungumza lahaja ya Kijerumani nyumbani. Mtoto mwepesi wa kuelewa hupewa wadogo awasaidie kusoma. Hilo ni funzo kubwa la utu, na shule nyingi za mijini hazina la kulinganisha nalo. Hata hivyo, mtoto huyo akifika miaka 12 mara nyingi amebaki na kazi ya kufundisha tu, hana tena la kujifunza, na pengine mwalimu wake mwenyewe hana jibu la swali lake.

Zamani watoto wa Waamishi na wa majirani zao walikaa pamoja katika shule ndogo za vijijini. Ugomvi ulizuka majimbo yalipounganisha shule hizo ziwe kubwa, yakaleta mabasi, na kumtaka kila mtoto asome mpaka miaka 16. Novemba 1965, huko Hazleton, Iowa, maofisa walifika na basi kuwachukua watoto wa Waamishi, nao wakatimua mbio kuingia kwenye shamba la mahindi. Picha hiyo iliifedhehesha serikali, na kwa haki. Huko New Glarus, Wisconsin, baba watatu walitozwa faini ya dola 5 kila mmoja kwa kutowapeleka watoto wao sekondari. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1972 wakashinda. Jaji Mkuu Warren Burger aliona kwamba kukosa mwaka mmoja au miwili ya masomo hakumdhuru mtoto wa jumuiya ile. Jaji William Douglas peke yake aliuliza kwa nini, kati ya watoto watatu waliohusika, ni mmoja tu aliyesikilizwa mahakamani. Mimi nasimama na Douglas. Miaka miwili ni midogo kwa mtoto wa kawaida. Kwa mtoto wa pekee ndiyo daraja lote.

Atakayenipinga atanikumbusha shahidi mkuu wa Waamishi katika kesi hiyo, John Hostetler. Alizaliwa mwaka 1918 katika familia ya Kiamishi ya Pennsylvania, hakubatizwa huko, akajiunga na Wamennonite, akasoma hadi shahada ya uzamivu, na mwaka 1963 akachapisha kitabu *Amish Society*, ambacho watafiti wanakitegemea hadi leo. Mtu aliyeondoka kwa ajili ya elimu ndiye aliyesimama kutetea haki ya Waamishi kutowapeleka watoto sekondari. Pingamizi hilo ni zito. Lakini maisha yake yanasema jambo jingine pia: elimu haikumfanya adui wa watu wake, ilimfanya mtetezi wao ambaye hawakuwa na wa kufanana naye. Na ili aipate elimu hiyo, kanisa la Waamishi lilimpoteza kama muumini.

Waamishi wanajua kulegeza kanuni kwa ajili ya mtoto. Kwa kuwa wametokana na familia chache na huoana wenyewe kwa wenyewe, magonjwa fulani ya kurithi huwapata zaidi ya watu wengine. Mwaka 1989 daktari Holmes Morton alianzisha kliniki ya watoto hao karibu na Strasburg, Pennsylvania, na Waamishi pamoja na Wamennonite wakaijenga kwa mikono yao, jengo la mbao lenye maabara ya jenetiki ndani. Wapo watoto waliozaliwa wakiwa wazima ambao homa moja ingewalemaza. Sasa hupimwa mapema na kupewa lishe maalumu. Sayansi ya dunia ilikaribishwa kwa sababu mtoto aliihitaji. Nitajibiwa kwamba mtoto mgonjwa hubaki nyumbani, ilhali msomi huondoka. Ndivyo inavyoweza kuwa, wala uchungu wa wazazi haupaswi kudharauliwa: Waamishi wengi hawamo katika mpango wa serikali wa pensheni, wazee hutunzwa na wanao. Lakini jumuiya ambayo mababu zake walikufa wakikataa imani ya kulazimishwa haiwezi kumshika kijana kwa kumnyima maarifa.

Mji nao una deni. Sekondari ya mji mdogo mara nyingi humpokea msichana mwenye kilemba cheupe kwa kumkodolea macho, na kumtaka ashindane kwa alama wakati kwao amelelewa kunyenyekea. Kwa hiyo sitaki basi la Hazleton lirudi. Njia zipo tayari kwa uchache: katika kaunti ya Holmes, Ohio, gari la maktaba hupita mashambani hadi kwa familia za Kiamishi, na katika baadhi ya makazi ya Indiana vijana hufanya mtihani unaohesabiwa kama cheti cha sekondari, hasa kwa sababu ya ajira viwandani. Njia hizo zipanuliwe katika miaka ile kabla ya ubatizo: vitabu vya hesabu ya juu, mwalimu wa mjini wa kuonana naye jioni, mtihani usiomtaka mtoto ahame kwao. Atakayebatizwa baada ya hapo atakuwa amechagua kweli, na atakayeondoka hatalazimika kuanza darasa la tisa akiwa na miaka 20.