Mifupa na Majina Yake
Sehemu ya Tatu: Mkono Uliopita Unyanyembe

Sehemu mbili zilizopita zilieleza jinsi mtaalamu wa mifupa ya binadamu anavyoitazama nyonga akajua kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke, na jinsi meno na maungio yanavyomsaidia kukadiria umri. Yote hayo humpa mtu wa namna fulani tu. Hayampi jina. Na mtu wa hapa Ziba akichimba msingi wa nyumba akakuta mifupa, kinachomkosesha usingizi ni hilo jina: huyu ni wa ukoo gani? Leo tuone jina hupatikana vipi, kwa kufuata maiti moja iliyopita katika mkoa wetu huu wa Tabora.

Mmisionari na mpelelezi David Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika nchi ya leo ya Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, waliamua kumfikisha pwani. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, aliipasua maiti, akatoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti huku Jacob Wainwright akisoma sala. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani kama wiki mbili, ukakunjwa miguu, ukafungwa kwa nguo na gome la mti. Kisha safari ikaanza, mzigo mabegani.

Oktoba walifika Kwihara, Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza, Luteni Verney Lovett Cameron. Aliwashauri wamzike hapo hapo, wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wenye msafara wakaufungua mwili kwa siri, wakaufunga upya mfano wa robota la nguo. Halafu wakafunga mabua ya mtama, wakayavisha sanda, wakawatuma wenzao warudi nayo Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Walipofika porini wakayatupa mabua moja moja. Naistahi sana akili hiyo, nami naona majina ya watu hawa yanastahili kukaa karibu zaidi na jina la bwana wao kuliko yalivyowekwa. Robota liliingia Bagamoyo Februari 1874.

Sasa wafikirie walioupokea mzigo huo London mwezi Aprili. Uso haukutambulika tena, na mwili ulikuwa umesafiri miezi tisa nchi kavu kabla ya kupanda meli. Ni nani athibitishe kwamba ni yeye? Sir William Fergusson, daktari wa upasuaji, aliutafuta mfupa wa mkono wa juu wa kushoto. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, Livingstone alikamatwa na simba, mfupa huo ukavunjika na haukuunga sawasawa. Fergusson aliukuta mvunjiko ule ule, na hapo shaka ikaisha.

Kwa nini mfupa mmoja ulitosha? Mfupa ukivunjika, damu huganda pale palipovunjika, gegedu hujijenga, na baada ya wiki kadhaa huanza kugeuka mfupa mpya. Vipande vikichezacheza bila kutulia, haviungi. Ncha zake husagika na kuwa laini, na kiungo cha uongo huzaliwa mahali pasipo kiungo. Kazi hiyo hufanywa na mwili ulio hai, kwa miezi na miaka. Mfupa uliovunjwa muda mrefu baada ya kufa hubaki na kingo kali, mara nyingi zenye rangi tofauti na sehemu nyingine. Hakuna awezaye kughushi jeraha la miaka 30 juu ya maiti.

Hata hivyo mfupa ule haukulitaja jina. Jina lilitoka kwa watu walioujua mkono huo ulipokuwa hai na kwa habari iliyokwisha andikwa. Utambuzi ni kulinganisha pande mbili, na upande mmoja ukikosekana, mtaalamu hodari kuliko wote hukwama.

Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilitambuliwa kwa ushahidi mwembamba zaidi. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilichagua katika jumba la makumbusho la Bremen kwa vipimo vilivyokaribiana na vya jamaa zake na kwa tundu la risasi, likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Vipimo vya fuvu hupunguza idadi ya wanaowezekana, lakini watu wengi hulingana vipimo. Siku hizi vinasaba husaidia zaidi: mwaka 2023 ilitangazwa Berlin kwamba mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa Kilimanjaro enzi za Wajerumani yamepatiwa jamaa walio hai, mmoja akiwa wa ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga. Hapo tena, upande wa pili ni watu: ndugu waliokubali kutoa mate yao.

Na mapagazi wa misafara je? Wanyamwezi waliobeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, wakafa kwa ndui na njaa kando ya njia, hakuna daktari aliyeandika habari za mikono yao. Pingili za mgongo zilizolika zinaweza kuashiria mizigo mizito, ingawa uzee nao huzila vilevile. Kinachobaki ni masimulizi ya koo, na udongo wenyewe.

Kwa hiyo ukikuta mifupa, simamisha jembe. Usiikusanye kwenye gunia, kwa maana namna ilivyolala, shanga na kipande cha nguo kilicho kando yake ni ushahidi. Mwite mtendaji wa kijiji na polisi. Wazee nao waulizwe mapema ni nani waliozikwa upande huo, nani alikuwa kilema, nani alivunjika mguu, na majibu yao yaandikwe.

Sehemu ijayo itahusu meno, ambayo huhifadhi tangu utotoni alama ya maji na udongo wa mahali mtu alikokulia. Kwa pagazi aliyefia mbali na kwao, huenda hiyo ndiyo njia pekee iliyosalia ya kujua alitoka upande gani.