Bakshishi ya Kilimanjaro: Nusu ya kipato cha mpagazi imo kwenye bahasha

Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro akiulizwa safari yake ya mwisho ilikuwaje, mara nyingi hataji mvua ya kambi ya Shira wala baridi ya kambi ya Barafu. Hutaja tipu: ilikuwa nzuri au mbaya, ilitangazwa mbele ya wote au iliishia kwa mwongozaji. Katika vijiji vya jirani na malango ya Machame na Marangu, na katika mitaa ya Moshi ambako vijana wamepanga chumba kimoja wakisubiri simu ya kazi, ada ya shule na kodi ya nyumba huitegemea bahasha ya tipu kama zinavyoutegemea ujira wenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Kima cha ujira kinachotajwa zaidi kwa mpagazi ni Sh20,000 kwa siku, yaani Sh140,000 kwa safari ya siku saba. Miongozo ambayo kampuni nyingi huwatumia wageni kabla hawajasafiri hupendekeza kundi limpe kila mpagazi dola 6 hadi 10 kwa siku, mpishi dola 12 hadi 15, msaidizi wa mwongozaji dola 15 hadi 20 na mwongozaji mkuu dola 20 hadi 25. Tuchukue dola saba tu kwa mpagazi. Kwa siku saba ni dola 49, na dola ikibadilishwa kwa Sh2,500 anapata Sh122,500. Karibu nusu ya kipato chake cha safari kinatoka kwa mtu ambaye halazimiki kisheria kutoa chochote, na ambaye huenda hawataonana tena.

Kwa mgeni nako mzigo si mdogo. Kundi la watu wanne linalopita njia ya Machame huweza kupanda na mwongozaji mkuu, wasaidizi wawili, mpishi na wapagazi 12. Kwa viwango vya chini vya miongozo hiyo, na dola saba kwa mpagazi, bahasha ya kundi inavuka dola 1,000. Ni zaidi ya dola 250 kwa kila mgeni, juu ya bei ya safari aliyokwisha kulipa. Wapo wanaojua hayo tangu wakiwa kwao. Wapo pia wanaoyasikia kwa mara ya kwanza wakiwa kambi ya Karanga, miguu imevimba na mfukoni hamna kitu.

Mpagazi mmoja mwenyeji wa Machame, mwenye familia na uzoefu wa miaka mingi mlimani, analalamikia jambo ambalo wenzake wengi hulisema kwa sauti ya chini. Shida yake si wageni wabahili, anasema, kwani mgeni akitoa kidogo hadharani kila mtu ameona na kila mtu amekubali. Kinachomuuma ni bahasha iliyofungwa. Asubuhi ya mwisho katika kambi ya Mweka, timu nzima hupangwa mstari, nyimbo huimbwa, mgeni hushukuru kwa maneno machache kisha bahasha hukabidhiwa kwa mwongozaji. Kiasi hakitajwi. Mgawo hufanyika baadaye, langoni au mjini, na mpagazi hupewa anachopewa. Akiuliza, jina lake halitakuwa kwenye orodha ya safari ijayo.

Ameeleza na njia nyingine ambazo pesa hiyo hupotelea. Chakula kinapopungua katikati ya safari, baadhi ya wapagazi huteremshwa mapema kwa kuwa mizigo imeisha. Mgeni hupewa hesabu ya tipu kana kwamba wote wamekaa hadi siku ya mwisho. Fungu la aliyeteremka, kwa madai yake, mara nyingi halimfuati. Kuna pia wanaolazimika kutoa kitu kidogo ili wapate nafasi, wakiahidi kukirudisha kutoka kwenye tipu ya safari hiyohiyo. Mpagazi wa namna hiyo huanza kupanda akiwa na deni, na tipu ikiwa mbaya hushuka nalo.

Madai hayo ni ya upande mmoja, na waongozaji wana ya kwao. Mwongozaji mmoja anasema lawama zimekuwa za jumla mno, kwamba wengi wao hutaja kiasi mbele ya timu na kuonyesha karatasi, na kwamba mara nyingine wageni huondoka na deni la shukrani lakini mwongozaji ndiye anayebaki kukabiliana na watu 15 wenye hasira. Sioni sababu ya kumkatalia. Lakini hoja yake inazidi kuonyesha kwamba kila kitu kinategemea uungwana wa mtu mmoja mwenye bahasha.

Ofisa mmoja anayehusika na usimamizi wa sekta hiyo analiona suala hili kwa utulivu mkubwa zaidi. Anasema kiwango cha chini cha ujira kipo, ni dola 10 kwa siku kwa mpagazi, na kampuni zinazopewa leseni zinakifahamu na kwa sehemu kubwa zinakifuata. Bakshishi, kwa maelezo yake, ni hiari ya mgeni na serikali haiwezi kuiingilia.

Tarakimu hiyo ya dola 10 husikika kila suala hili linapojadiliwa, na inastahili kuangaliwa kwa karibu. Sh20,000 ambazo wapagazi wengi huzitaja si dola 10. Kwa kiwango cha Sh2,500 ni dola nane. Wapo wanaosema hata hizo hawazioni zote. Je, ni nani anayehakiki? Langoni kuna mizani. Mzigo wa mpagazi hupimwa ili usizidi kilo 20, na ukizidi hupunguzwa hapohapo. Utaratibu huo umewaokoa watu wengi migongo na ni wa kupongezwa. Kwenye malipo hakuna kinachofanana nao: mpagazi anapotoka langoni hakuna anayemuuliza amelipwa kiasi gani, lini na kwa saini ya nani. Ofisa anaposema viwango vinafuatwa, anaeleza kilichoandikwa. Ushahidi wa kilicholipwa hakuutoa.

Kuhusu bakshishi kuwa hiari tu, bei za sokoni zinasema vingine. Ada za hifadhi kwa mgeni asiye mkazi ni dola 70 kwa siku, dola 50 kwa kila usiku wa kambi na dola 20 za uokoaji. Kwa siku saba na usiku sita ni dola 810, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 unakaribia dola 956. Kampuni inayouza safari hiyo kwa dola 1,400 inabakiwa na takriban dola 444 kwa kila mgeni. Kwa wageni wanne ni kama dola 1,780. Ujira wa timu ya watu 16 ukilipwa bila kupunguzwa, yaani wapagazi kwa Sh20,000, mpishi na wasaidizi kwa dola 15 na mwongozaji kwa dola 20 kwa siku, unakula zaidi ya dola 1,100. Kinachobaki kinunue chakula cha watu 20 kwa siku saba, kilipie magari, hoteli, mahema, gesi, kamisheni ya wakala na faida ya mwenye kampuni.

Haitoshi. Mwenye kampuni ndogo mjini Moshi alikiri hivyo bila kuzunguka. Ada hazipunguziki na mafuta ya gari hayapunguziki. Kinachopunguzika ni idadi ya wapagazi, chakula chao na ujira wao. Tipu inatarajiwa kuziba pengo. Analaumu mawakala wa nje wanaodai bei ya chini kila msimu na wageni wanaolinganisha bei kwenye simu wakiwa sebuleni kwao. Kwa maoni yangu lawama hiyo ina ukweli, lakini haimwondolei mwajiri wajibu wake. Bei ya chini ameikubali yeye, na gharama yake anaibeba asiyekuwapo mezani.

Uraia wa mgeni nao una nafasi yake, na wapagazi huutazama mapema. Mmarekani anatoka kwenye nchi ambako kima cha chini cha shirikisho kwa wafanyakazi wanaopokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa tangu 1991, na mteja hutarajiwa kuongeza asilimia 15 hadi 20 ya bili. Kutoa si jambo geni kwake. Mjapani anatoka mahali ambapo kwa kawaida bakshishi haitolewi, na kutotoa kwake si dharau. Kazi ya mpagazi kwa wote wawili ni ileile, hema lilelile, maji yaleyale ya kuchota na kupandisha kambini. Kipato ndicho kinachotofautiana.

Zipo dalili za mabadiliko, ingawa ni mapema kuzipa uzito mkubwa. Baadhi ya kampuni huandika mgawo kwenye karatasi, kila mmoja akasomewa fungu lake mbele ya wageni na kutia saini. Uingereza, tangu Oktoba 2024, sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi yote bila makato yake na aigawe kwa haki. Kwetu kanuni za mwaka 2025 zilizozuia bidhaa na huduma kulipiwa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi zinaweza kusukuma tipu kuelekea kwenye shilingi. Hilo lingempunguzia mpagazi usumbufu wa noti ndogo zinazobadilishwa kwa kiwango duni na noti za kabla ya 2006 zinazokataliwa. Lakini wageni wengi bado hufika na dola, na wenye biashara niliozungumza nao hawatarajii hilo kubadilika karibuni. Ujira wenyewe ukipanda, bei itapanda, na hakuna kati yao aliye tayari kuwa wa kwanza.

Kwa hiyo msomaji unayepanga kupanda Desemba hii, au unayempokea ndugu kutoka ughaibuni, fanya mambo mawili. Kabla ya kulipa, idai kampuni orodha ya majina ya timu na ujira wa kila mmoja kwa maandishi. Kisha siku ya mwisho soma kiasi kwa sauti, na mpe kila mtu chake mkononi.