Mtoto akiogopa mkunga wa kwenye gemu, usimcheke

Mtoto wa dada yangu ana miaka sita. Mwezi uliopita alianza kukataa kuoga kwenye beseni. Alitaka amwagiwe maji kwa kikombe, amesimama, mlango ukiwa wazi. Usiku aliamka akilia, na mara mbili alikojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu akiwa na miaka minne.

Dada alidhani ni malaria. Akampeleka kupima, hakuna kitu. Akadhani kuna anayemwonea shuleni, akauliza, hakuna. Jibu lilipatikana usiku niliolala kwao, mtoto alipoamka akaninong'oneza: “Mamdogo, lile dude la kwenye meli haliwezi kutokea kwenye bomba?”

Dude lenyewe lilikuwa mkunga, samaki mrefu kama nyoka, aliyemwona kwenye gemu ya binamu yake aliyekuja likizo.

Ni samaki gani huyo?

Gemu hiyo ni Super Mario 64 ya kampuni ya Nintendo. Ilitoka Japani mwaka 1996, na watoto wa leo huipata kwenye mashine ya Switch, ambako iliwekwa upya mwaka 2020. Mchezaji anamwongoza Mario, fundi bomba mwenye masharubu, akimrusha juu ya vizuizi na kukusanya nyota.

Hatua ya tatu ni ghuba iitwayo Jolly Roger Bay. Muziki wake ni wa taratibu, wa kubembeleza kabisa. Chini ya maji kuna meli iliyozama, na kwenye tundu la meli kimechomoza kichwa cha mkunga mkubwa kuliko Mario mara nyingi. Jina lake ni Unagi, neno la Kijapani lenye maana ya mkunga wa maji baridi.

Ili uingie kwenye meli, lazima umsogelee mpaka atoke. Hapo ndipo watoto hupiga kelele. Baadaye unatakiwa umfuate tena, kwa sababu nyota nyingine imening'inia kwenye mkia wake. Na huyu hauawi. Maadui wengi wa Mario unawakanyaga wanakufa, lakini mkunga huyu unamkwepa tu.

Kuna jambo jingine. Mario anapokuwa chini ya maji, duara lenye vipande nane linaloonyesha uhai wake hupungua kidogo kidogo, kwa kuwa pumzi inamwishia. Hivyo mtoto ana hofu mbili kwa wakati mmoja: dude lililo mbele yake na pumzi inayokwisha. Anaogelea polepole, na kukimbia hawezi.

Gemu hii haina damu wala bunduki, na huhesabiwa kuwa ya watu wa umri wote. Mzazi akitazama kwa mbali anaona rangi nzuri na muziki mtamu, anaendelea na mapishi yake. Lakini kinachomtisha mtoto si lazima kiwe kile kinachokutisha wewe.

Kwa nini hofu inabaki?

Kati ya miaka mitatu na sita hivi, mtoto bado anajifunza kutenganisha kilicho kweli na cha kubuni. Ukimuuliza mchana atakuambia “ni katuni tu”. Usiku, taa ikizimwa, jibu hilo halimsaidii. Hofu ya giza, wanyama na maji ni ya kawaida kwa umri huu, na kwa wengi hupungua wanavyokua.

Ni vizuri pia kujua tofauti ya mambo mawili ya usiku. Ndoto ya kutisha huja zaidi usiku ukiwa umekwenda sana. Mtoto anaamka kabisa, anaikumbuka na anataka akumbatiwe. Mshtuko wa usingizini huja saa chache za mwanzo. Mtoto anapiga kelele macho wazi, hakutambui, na asubuhi hakumbuki lolote. Huyu wa pili usimtikise wala kumwamsha kwa nguvu. Hakikisha tu hajiumizi, mpaka atulie.

Kuhusu kukojoa kitandani, mtoto aliyekuwa ameacha anaweza kurudia akiwa na wasiwasi. Kumchapa au kumwita kikojozi mbele ya wenzake kunaongeza wasiwasi uleule.

Tulichofanya sisi

Kwanza, tuliacha kumcheka. Halafu dada alikiri kosa ambalo wengi wetu tunalo: siku moja mtoto alipogoma kula, alimwambia, “Nitamwita yule mkunga aje.” Kwa mtoto, hayo yalikuwa maneno ya mama, na mama hasemi uongo.

Pili, tulimpa karatasi amchore. Nilipomwambia dude lile linaitwa mkunga, alishangaa: “Kwani mkunga si yule anayezalisha akina mama?” Tulicheka wote, na kicheko hicho kilisaidia kuliko hotuba.

Tatu, nilimwonyesha video ya mkunga wa kweli wa baharini, wa aina wanayovua wavuvi wetu wa pwani. Hukaa kwenye matundu ya miamba, akifungua na kufumba mdomo muda wote. Watu hudhani anatishia, kumbe anapumua: anasukuma maji yapite kwenye mashavu yake. “Kwa hiyo anahema tu?” aliuliza. Anahema tu. Ila ukiingiza mkono kwenye tundu lake atakuuma, hivyo tunamwacha na nyumba yake.

Hilo la mwisho ni muhimu. Usimwondolee mtoto hofu ya maji kwa kumwambia maji hayana shida. Kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto duniani. Tunachotaka ni aogope kinachostahili kuogopwa: kuingia majini bila mtu mzima.

Nne, gemu tulisitisha saa moja kabla ya kulala. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Kwa walio na miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani linashauri muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi.

Mwisho, baada ya wiki mbili, aliomba turudi kwenye ile ghuba. Alinipa padi mimi, yeye akakaa mapajani. Mkunga alipotoka alijifunika macho, akachungulia katikati ya vidole, kisha akasema, “Pita sasa, tundu liko wazi.” Tuliingia kwenye meli. Nyota ya mkiani hajaitaka mpaka leo, na hakuna anayemlazimisha. Kwenye beseni amerudi.

Ikiwa hofu ya mwanao inazidi wiki kadhaa, inamzuia kula, kulala au kwenda shule, mpeleke kituo cha afya ukaeleze yote, pamoja na gemu anazocheza. Na leo jioni, kabla ya kumnyang'anya simu, kaa naye dakika kumi. Muulize: humu ndani, nani anakutisha?